NANI ATAIFUNGUA INJINI HII?



Mwezi uliopita wenzetu watatu wanaofanya kazi katika hanga moja ya uwanja wa Wilson, Nairobi, walikuja ofisini kwetu jioni, wakiwa bado na nguo zao za kazi. Shauri lao lilikuwa hili. Mwenye ndege mmoja ameleta Tiger Moth yake ili injini ifunguliwe yote na kujengwa upya. Msimamizi akawaambia: "Injini ni injini. Lycoming mnafungua kila siku. Fungueni hii, safisheni, tieni ringi mpya, kisha mtie sahihi." Wenzetu wakaondoa vifuniko, wakatazama, wakasema hawawezi kuendelea mpaka wapate kitabu, vyombo na spea zinazofaa. Wakaitwa wavivu. Mmoja akaambiwa kwamba nje ya lango kuna vijana wengi wanaoitaka kazi yake.

Sisi twasema hawakuwa wavivu. Walifanya kama inavyompasa fundi mwenye leseni. Lakini haitoshi kuwasifu tu. Injini ile ingali juu ya stendi, mwenye ndege angali anangoja, na kesho jambo hili litawafikia wengine. Kwa hivyo twataka kulieleza lote: kwa nini injini kama hii ni taabu, msaada wake hupatikana wapi, na kosa ni la nani. Tajiri ana sehemu yake. Na sisi pia tunayo yetu.

Injini yenyewe ni Gipsy Major. Ilianza kutengenezwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza mwaka 1932, na aliyeichora ni Frank Halford. Ina silinda nne katika mstari mmoja, inapozwa kwa hewa, ujazo wake ni zaidi ya lita 6, na ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 130. Zilitengenezwa zaidi ya 14,000. Wakati wake ilikuwa kama Landrova kwa magari, yaani kila uendako unaikuta.

Wala si mgeni katika nchi yetu. Bibi Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja wa Wilson una jina lake, alianzisha shirika la Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929, akianza na ndege ndogo ya Gipsy Moth, iliyokuwa na injini ya ukoo huu. Shirika la East African Airways lilipoanza mwaka 1946 liliruka kwa Dragon Rapide, na kila moja ilikuwa na injini mbili za Gipsy za silinda sita. Basi wazee wa ufundi wetu walijifunza kazi kwa injini hizi. Leo kijana anaweza kufanya kazi hangani miaka kumi asiione hata moja.

Mtu atauliza, kama ni chuma na mafuta kama injini nyingine, taabu iko wapi? Na tueleze.

Injini hii imepinduliwa. Krenkshafti iko juu na silinda zinaning'inia chini. Ndege ikisimama siku kadhaa, oili hushuka na kuingia ndani ya silinda. Kabla ya kuwasha, switchi zikiwa zimezimwa, yafaa propela izungushwe polepole kwa mkono, ili ijulikane kama kuna silinda iliyojaa oili. Asiyejua hivyo akailazimisha iwake, aweza kupinda fimbo ya pistoni bila kujua, na mwingine akauona ubaya huo angani.

Tena injini hii huzunguka upande wa pili. Ukikaa katika kiti cha rubani, Lycoming na Continental huzungusha propela kwa mwendo wa saa. Gipsy Major huizungusha kinyume cha saa. Mkono uliozoea kuweka majira ya magneto ya Lycoming utakosea hapa usipokuwa na kitabu mbele yake.

Halafu kuna nati na bolti. Hizi ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, BSF na BA. Spana zake huandikwa kipimo cha bolti, si cha mdomo wa spana. Spana ya Kimarekani huonekana kama inaingia, kisha huteleza na kula pembe za nati. Ukiona nati za Gipsy zimeviringika kama kokoto, ujue amepita mtu aliyekuwa na haraka.

Petroli nayo ni jambo. Petroli ya ndege ya 100LL inayouzwa leo, ingawa huitwa ya risasi kidogo, ina risasi nyingi kuliko ile iliyokusudiwa injini hizi. Risasi hiyo huganda kwenye plagi na kusumbua valvu. Atakayeijenga injini upya sharti ajue hivyo, na rubani aambiwe aangalie nini.

Mwisho ni mahali petu. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Kwa urefu huo injini isiyo na pampu ya kusukuma hewa hupoteza kiasi cha sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Zile nguvu za farasi 130 hubaki 110 hivi, hata injini ikiwa mpya kabisa na mchana ukiwa wa baridi. Injini iliyojengwa nusu nusu haina nguvu za ziada za kumwokoa rubani anapofika mwisho wa barabara ya kurukia.

Sasa tuje kwenye kazi aliyoitaka msimamizi. Kuosha injini na kutia ringi si kuijenga upya. Kuijenga upya maana yake ni kuitoa kila sehemu, kuisafisha, na kuipima kwa maikrometa ukilinganisha na vipimo vya kitabu cha mtengenezaji. Krenkshafti hupimwa kwa sumaku na unga wa chuma kutafuta ufa usioonekana kwa macho. Sehemu za aluminiamu hupakwa rangi ya kupenya kwa sababu hiyo hiyo. Krenkshafti ikichongwa, beringi zake lazima zilingane na kipimo kipya, na kuna mpaka ambao ukiupita, chuma hicho ni cha kutupwa hata kama kinang'aa. Magneto, kabureta na pampu ya oili kila kimoja kina kazi yake. Baada ya yote injini hufungwa mahali pa majaribio, ikawashwa kwa saa zilizoandikwa, na joto lake na nguvu ya oili vikaandikwa kitabuni. Ndipo sahihi hutiwa.

Katika hayo yote, hanga ile ilikuwa na maikrometa. Basi.

Je, msaada unapatikana wapi? Hapa twawapa wanachama njia yenyewe, maana si siri, na mtu akiifuata kwa taratibu atafika.

Jambo la kwanza ni kusoma bamba la injini na daftari lake. "Gipsy Major" peke yake haitoshi. Ile ya 1 ya Tiger Moth na ile ya 10 ya Chipmunk, yenye nguvu za farasi 145, si kitu kimoja, na spea nyingi za moja si za nyingine. Andika namba ya injini, saa zilizokwisha, mara ya mwisho kufunguliwa na nani alitia sahihi. Daftari likiwa na pengo la miaka, semeni mapema. Pengo hilo ni sehemu ya kazi na lina gharama yake.

Jambo la pili ni kujua nani anashika karatasi. Kampuni iliyoizaa injini hii haipo tena kwa jina lake. Kiwanda cha injini cha de Havilland kiliingia katika Bristol Siddeley mwaka 1961, na Rolls-Royce ikainunua Bristol Siddeley mwaka 1966. Ukipiga hodi kwenye mlango wa zamani hutapata mtu. Lakini Uingereza iko kampuni ya de Havilland Support, katika uwanja wa Duxford, ambayo kazi yake ni kuangalia ndege ndogo za de Havilland kama Tiger Moth na Chipmunk. Aulizaye karatasi za uangalizi wa ndege hizi, na nani hufungua injini zake, aanzie hapo kabla ya kununua hata skrubu moja.

Jambo la tatu ni kujua kwamba injini nyingine za namna hii zilitengenezwa mbali na Uingereza. Wakati wa vita vya pili vya dunia kiwanda cha Holden kilitengeneza Gipsy Major kule Australia. Ndege hizi zingali zikiruka Uingereza, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na wenye nazo wana vyama vyao. Katika vyama hivyo kuna watu wanaojua ni karakana gani inaichonga krenkshafti vizuri na ipi inaongea tu. Barua moja kwa chama cha wenye ndege yaweza kuokoa mwaka mzima wa kutangatanga.

Jambo la nne ni maswali ya kuuliza kabla kreti haijapigwa misumari. Je, kibali cha karakana hiyo kinaitaja injini ya namna hii? Je, Mamlaka yetu ya Usafiri wa Ndege, KCAA, itakikubali cheti chao? Ulizeni Nairobi kwanza, kwa maandishi, mpate jibu kwa maandishi. Nani anachonga krenkshafti, wao wenyewe au wanaipeleka kwingine? Spea zinatoka wapi? Injini itajaribiwa kwa saa ngapi, na karatasi ya majaribio itarudi nayo? Ikionekana silinda au krenkshafti haifai, nani atalipa, na sehemu iliyokataliwa itarudishwa kwetu tuione? Karakana nzuri haichukii maswali haya. Ikichukia, mmekwisha pata jibu.

Kisha injini itiwe mafuta ya kuzuia kutu, matundu yote yazibwe, kreti iwe imara, na madaftari yasafirishwe kwa njia nyingine yakiwa yamenakiliwa. Injini ikipotea yaweza kununuliwa nyingine. Madaftari yakipotea, hata injini iliyopo haina habari zake.

Twaongeza onyo juu ya spea. Kitu kikiwa adimu, wauzaji wa kuziba pengo huja mbio. Mtu atakuja na pistoni iliyofungwa kwenye karatasi ya zamani, aseme ilikaa stoo tangu vita, ni mpya. Huenda ni kweli. Lakini pasipo cheti kinachokubaliwa, kama Fomu 1 ya Uingereza au Ulaya, au 8130-3 ya Marekani, au karatasi nyingine ambayo Mamlaka imesema itaikubali, hiyo ni chuma tu. Usiitie ndani ya injini, na usitie sahihi yako chini yake. Ndege ikianguka, wapelelezi hawatamtafuta aliyeuza. Watafungua daftari na kusoma jina lako na namba ya leseni yako.

Sasa tuseme juu ya tajiri. Yeye anasema: injini za namna hii ni chache, siwezi kununua vyombo vya injini moja wala kumfundisha mtu kazi itakayokuja mara moja kwa miaka mingi. Neno hilo lina haki ndani yake, na hatulikatai. Hatumtaki ajenge kiwanda cha Gipsy hapa Nairobi. Lakini kama ni kazi asiyo na vyombo vyake, aseme hivyo kwa mwenye ndege, aipeleke kwa wanaoiweza, na achukue malipo ya haki ya kuitoa, kuifunga na kuirudisha. Asichukue pesa za kazi nzima kisha awape wafanyakazi nusu ya kazi na sahihi nzima. Hapo ndipo tunapogombana.

Tena tunamkumbusha kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi atoe habari akiona hatari, na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kufukuzwa kwa sababu ametoa malalamiko yenye msingi. Wenzetu watatu walitoa habari kwa mdomo tu. Safari nyingine iwe kwa maandishi, nakala moja ibaki mkononi mwako na moja ije kwa chama. Maneno ya mdomo husahauliwa upesi siku ya kesi.

Na sasa sehemu yetu, ambayo si tamu kusema.

Wenzetu walipokuja, tulikumbuka mzee mmoja aliyestaafu zamani, sasa yuko shambani kwake. Alianza kazi akiwa kijana wa kushika spana, akaishia fundi mkubwa, na injini za Gipsy alizijua kama mtu anavyowajua watoto wake. Tukaenda kumwona siku ya Jumamosi. Baada ya chai akaingia ndani akatoka na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na spana za BSF na BA zote, zimepakwa grisi, kila moja mahali pake, na daftari la mkono lenye vipimo na michoro ya miaka mingi. Tukamwuliza: "Mzee, mbona vitu hivi havikubaki hangani?" Akajibu: "Vijana wangu, siku ya kuaga nilipewa saa ya mkononi na soda. Hakuna aliyeniuliza najua nini."

Maneno hayo yalituchoma. Tajiri hakumwuliza, ni kweli. Lakini sisi wanachama je, tulimwuliza? Wako mafundi kati yetu wanaoficha kazi. Akifika mahali pagumu humtuma kijana kuleta chai, akirudi kifuniko kimekwisha fungwa. Anadhani akiwa peke yake anayejua, hatafukuzwa. Ndugu, ujuzi wa namna hiyo hukulinda mpaka siku ya kustaafu tu, kisha huenda nawe shambani, na kazi yenyewe huenda ng'ambo kwa kreti. Shirika la East African Airways lilipokufa mwaka 1977, mafundi walitawanyika kila upande na ujuzi wao. Tuliona wakati ule jinsi ilivyo rahisi kupoteza mikono iliyofundishwa kwa miaka thelathini.

Mzee yule yuko tayari kuja mara moja kwa wiki kufundisha, kama atalipwa nauli na ujira wa heshima. Yeye mwenyewe alitukataza tusidhani kwamba atachukua mahali pa kitabu. Alisema daftari lake ni la kumkumbusha tu, na kipimo cha kufuata ni cha mtengenezaji. Hilo ndilo neno la fundi.

Kwa hivyo chama kinataka mambo manne, na yatawekwa mbele ya matajiri katika mazungumzo ya mapatano yajayo.

Kwanza, mfanyakazi yeyote asilazimishwe kutia sahihi kazi ya injini isipokuwa ana kitabu chake, vyombo vyake na spea zenye vyeti, na asipunguziwe mshahara wala kuhamishwa kwa sababu amekataa.

Pili, injini ikipelekwa nje kufunguliwa, tajiri aombe kwa barua kwamba fundi mmoja kijana wa hanga yetu aruhusiwe kuwapo wakati wa kufunguliwa au wa majaribio. Nauli ya mtu mmoja ni kubwa, twajua. Lakini matajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi katika mfuko wa mafunzo wa NITA, na mfuko huo ni wa kufundishia wafanyakazi. Waombe msaada huko. Wakijibiwa hapana, tutaona jibu hilo pamoja.

Tatu, fundi anayekaribia kustaafu apewe miezi sita ya mwisho pamoja na kijana mmoja, kazi yake ikiwa kufundisha, na baadaye aweze kuitwa kwa malipo.

Nne, kila hanga iandike orodha ya vyombo maalum na vitabu vilivyomo, na orodha hiyo iwekwe mahali ambapo mfanyakazi aweza kuisoma. Vyombo vingine vinatupwa kama takataka kwa sababu aliyefagia stoo hakujua ni vya nini.

Kwa mwenye Tiger Moth ile, twamwambia kwa heshima: ndege yako haikucheleweshwa na uvivu. Injini yako imo katika mikono iliyokataa kukudanganya. Tuma barua Duxford, uliza KCAA, na uwe na subira, maana kreti itachukua miezi. Ikirudi na karatasi zake zote, wenzetu hao watatu wataifunga, wataizungusha propela kwa mkono, na watatia sahihi kwa kazi waliyoifanya wao.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, mahali petu pa siku zote. Mzee atakuja na sanduku lake. Vijana wafike mapema wakae mbele. Mafundi wakubwa waje na madaftari yao ya mkono, nao wayafungue.